Asiyekuwapo na Lake Halipo: Sheria za Mtandao Barani Ulaya na Hazina ya Elimu ya Watu Wote

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wale wote wanaotunza nyaraka, wanaosomesha maskulini na wanaoshughulika na utayarishaji wa sheria.



Awali ya yote, shukurani zinamstahiki Mwenyezi Mungu aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu, na akamfanya kila anayeitunza kuwa ni mwenye kubeba amana.

Mada ya mazungumzo haya ni namna nchi za Umoja wa Ulaya zilivyotunga sheria za mtandao wa intaneti, na namna watunzaji wa elimu ya pamoja walivyopigania nafasi yao ndani ya sheria hizo. Huenda mtu akauliza: mambo ya Brussels na Strasbourg yanamhusu nini mkaazi wa Mkoani au Makunduchi? Jawabu ni kwamba mtandao hauna forodha. Kamusi elezo inayosomwa hapa ndiyo inayosomwa kule, na picha iliyofungiwa kule kwa amri ya mahakama huenda isipatikane hapa pia. Aidha, yaliyotokea Ulaya ni somo juu ya utungaji wa sheria lenye kumfaa kila mtumishi wa umma.

MAANA YA ELIMU YA PAMOJA

Elimu ya pamoja ni ile ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, kuinakili, kuirekebisha na kuigawa bila ya kuomba ruhusa kila mara. Inapatikana kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kazi ambazo muda wa hakimiliki yake umekwisha. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Agizo la mwaka 1993, hakimiliki hudumu kwa maisha ya mtungaji na miaka 70 baada ya kufa kwake. Muda huo ukipita kazi huwa mali ya umma. Njia ya pili ni kazi ambazo watungaji wenyewe wamezitoa kwa hiari yao, kama wanavyofanya waandishi wa Wikipedia, ambayo toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Njia ya tatu ni taarifa zinazokusanywa na Serikali kwa fedha za wananchi, mfano ramani, takwimu na habari za hali ya hewa.

Sheria za Umoja wa Ulaya hupita mikononi mwa vyombo vitatu. Kamisheni ya Ulaya hupendekeza; Bunge la Ulaya, linalochaguliwa na wananchi, na Baraza la Mawaziri wa nchi wanachama hujadili, hurekebisha na kupitisha. Sheria inayoitwa Agizo huzitaka nchi wanachama zitunge sheria zao za ndani ili kulitekeleza. Sheria inayoitwa Kanuni hutumika moja kwa moja katika nchi zote. Katika kila hatua kuna mlango wa kutoa maoni, na katika kila mlango wamo wenye kampuni kubwa, vyama vya wachapishaji, vyama vya wanamuziki na mawakili wao. Watunzaji wa elimu ya pamoja, ambao wengi wao hufanya kazi kwa kujitolea, walichelewa kuijua milango hiyo. Walipoijua, mambo yalianza kubadilika.

PICHA YA WAGNER NA JENGO LA ATOMIUM

Ipo mifano miwili inayoonyesha kwa nini suala hili si la maneno matupu.

Katika mji wa Mannheim, Ujerumani, kuna makumbusho ya Reiss-Engelhorn. Miongoni mwa hazina zake ni picha ya rangi ya mtunzi wa muziki Richard Wagner, iliyochorwa katika karne ya 19. Hakimiliki ya picha hiyo ilikwisha zamani. Hata hivyo, makumbusho yalimpiga picha Wagner huyo wa ubaoni, yakaichapisha picha katika kitabu, na baadaye yakadai kwamba picha hiyo mpya ina ulinzi wake wenyewe. Mtu mmoja wa kujitolea alipoziweka picha za namna hiyo mtandaoni ili watu wote wafaidike, alishitakiwa. Tarehe 20 Disemba, 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho la Ujerumani iliamua kwamba makumbusho yana haki. Kwa sheria iliyokuwapo Ujerumani wakati huo, picha ya kawaida ililindwa kwa miaka 50 tangu kuchapishwa. Hivyo basi, kazi iliyokwisha kuwa mali ya watu wote ilifungiwa tena, na kufuli lilikuwa ni nakala yake. Tena ufunguo ungeweza kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa kupiga picha nyengine.

Mfano wa pili ni wa Brussels, mahali penyewe zinapotungwa sheria za Ulaya. Jengo la Atomium lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1958, na lina urefu wa mita 102. Kila apitaye hulitazama. Lakini mbunifu wake, André Waterkeyn, alifariki mwaka 2005, na kwa kuwa sheria ya Ubelgiji haikuruhusu kuchapisha bila ya idhini picha za majengo yaliyomo katika hakimiliki, kwa miaka mingi Wikipedia ililazimika kulionyesha Atomium likiwa limefutwa kwa rangi moja, kama mtu aliyefunikwa shuka. Ubelgiji iliibadili sheria hiyo mwaka 2016.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, hatari kubwa zaidi ilikuwa imeepukwa. Katika ripoti ya Bunge la Ulaya iliyosimamiwa na mbunge Julia Reda wa Ujerumani, kamati ilitia kifungu kilichotaka matumizi yote ya kibiashara ya picha za majengo na sanamu za hadharani yaombewe idhini. Wapiga picha, waandishi na wanachama wa vyama vya elimu huria waliwaandikia wabunge wao, na tarehe 9 Julai, 2015 Bunge zima likakiondoa kifungu hicho. Ikumbukwe kwamba ripoti ile haikuwa sheria. Ilikuwa ni onyo, na wenye kusikia walisikia.

AGIZO LA HAKIMILIKI LA MWAKA 2019

Tarehe 14 Septemba, 2016 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza Agizo jipya la hakimiliki. Sababu zake zilikuwa na uzito. Wanamuziki na wachapishaji wa magazeti walilalamika kwamba kampuni kubwa za mtandao zinatajirika kwa kazi zao, na wao wenyewe wanapata chembe. Lalamiko hilo halikuwa la kubuni, na mwandishi asiyelipwa ataacha kuandika.

Tatizo lilikuwa katika dawa. Kifungu cha 13 cha pendekezo, ambacho katika sheria iliyopitishwa kimekuwa cha 17, kiliwataka wenye mitandao inayohifadhi kazi nyingi zinazowekwa na watumiaji wazuie kazi zenye hakimiliki, na kikataja mitambo ya kuzitambua kazi hizo. Maneno ya kifungu yalikuwa mapana. Yalimlenga mwenye duka kubwa la video, lakini yalimpata pia mwenye maktaba ya hiari, hazina ya vitabu vya wanafunzi, hifadhi ya makala za sayansi na mahali ambapo mafundi wa kompyuta hugawana programu zao bure. Wote waliingizwa katika wavu mmoja, na hapana aliyekusudia. Walioandika kifungu walikuwa na sura ya kampuni tatu au nne vichwani mwao, na wengine hawakuwakumbuka.

Jambo jengine ni kwamba mtambo hautambui nia. Mtambo hulinganisha sauti kwa sauti na picha kwa picha. Hauwezi kujua kwamba mwalimu amenukuu kwa ajili ya somo, au kwamba mchekeshaji amefanya mzaha, mambo ambayo sheria yenyewe inayaruhusu.

Mapambano yaliyofuata yalikuwa makali. Tarehe 3 Julai, 2018 Wikipedia ya Kitaliano ilijifunga kwa hiari yake, na msomaji akakuta tangazo badala ya makala. Tarehe 5 Julai Bunge lilikataa kuliruhusu pendekezo liendelee bila ya mjadala wa wabunge wote: kura 318 zilikataa, 278 zilikubali na 31 hazikuelemea upande wowote. Tarehe 12 Septemba, 2018 maandishi yaliyorekebishwa yalipita kwa kura 438 dhidi ya 226. Mwezi wa Machi 2019 Wikipedia za Kijerumani, Kicheki, Kidenishi na Kislovakia zilijifunga kwa siku moja, na makumi ya maelfu ya watu, wengi wao vijana, waliandamana katika miji ya Ulaya.

Tarehe 26 Machi, 2019 Bunge lilipiga kura ya mwisho. Kabla ya hapo kulikuwa na kura ndogo: je, wabunge wapewe nafasi ya kupigia kura marekebisho ya kifungu kimoja kimoja? Waliokubali walikuwa 312 na waliokataa 317. Tafauti ilikuwa kura tano. Baadaye baadhi ya wabunge walieleza kwamba walibonyeza kitufe wasichokikusudia, na masahihisho yao yakaandikwa katika kumbukumbu. Lakini kwa taratibu za Bunge hilo, masahihisho hayabadili matokeo. Agizo zima likapita kwa kura 348 dhidi ya 274, na 36 hawakuelemea upande. Tarehe 15 Aprili Baraza la Mawaziri liliidhinisha. Nchi sita kati ya 28 za wakati huo zilipinga, nazo ni Italia, Luxembourg, Uholanzi, Poland, Finland na Sweden. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 7 Juni, 2021 kulitekeleza.

YALIYOPATIKANA NA YALIYOKOSEKANA

Mtu anayesoma magazeti ya wakati ule angedhani kwamba watetezi wa elimu ya pamoja walishindwa kabisa. Ukweli si huo. Walishindwa kukiondoa kifungu cha 17, lakini ndani ya Agizo walipata mambo ambayo bila ya wao yasingelikuwamo.

Kwanza, kamusi elezo zisizo za kibiashara, hazina za elimu na sayansi zisizotafuta faida, na mitandao ya kutengeneza na kugawana programu huria zimetajwa kwa jina kuwa hazimo katika wajibu wa kifungu cha 17. Wavu ule ule umebaki, lakini umetobolewa mahali panapostahiki.

Pili, kifungu cha 14 kinasema kwamba kazi ya sanaa ya kutazamwa ikishatoka katika hakimiliki, nakala yake haiwezi kupata hakimiliki mpya, isipokuwa kama nakala hiyo yenyewe ni ubunifu halisi wa aliyeitengeneza. Mlango uliofunguliwa na hukumu ya shauri la makumbusho ya Mannheim ukafungwa.

Tatu, Agizo la mwaka 2001 lilikuwa limeorodhesha ruhusa 21 za kutumia kazi za watu bila ya idhini, lakini ni moja tu iliyokuwa lazima kwa nchi zote. Nyengine kila nchi ilichagua itakavyo. Agizo la 2019 limefanya lazima ruhusa kadhaa: watafiti kuchambua maandishi kwa kompyuta, walimu kutumia kazi katika masomo ya mtandaoni, na makumbusho, maktaba na nyaraka kunakili vilivyomo katika hazina zao ili visipotee. Vile vile imewekwa njia ya kuvitoa hadharani vitabu ambavyo haviuzwi tena madukani.

Nne, Poland iliposhitaki kifungu cha 17, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu tarehe 26 Aprili, 2022. Shauri lilikataliwa, lakini Mahakama ilisema wazi kwamba mtambo usioweza kupambanua vya kutosha kati ya kilicho halali na kilicho haramu haupatani na uhuru wa kutoa na kupokea habari.

Yapo pia yaliyokosekana. Uhuru wa kupiga picha za majengo ya hadharani haukufanywa sheria ya Ulaya nzima, na kila nchi imebaki na yake. Aidha, kilichofungwa mlangoni kinaweza kuingia dirishani. Mwaka 2022 mahakama ya Venice iliizuia kampuni ya Ravensburger ya Ujerumani kutumia mchoro maarufu wa Leonardo da Vinci wa mtu ndani ya duara na mraba katika mchezo wa kuunganisha vipande vya picha. Leonardo alifariki mwaka 1519. Makumbusho ya Gallerie dell'Accademia, yenye mchoro huo, hayakutegemea hakimiliki bali sheria ya Italia ya urithi wa utamaduni. Mwezi wa Machi 2024 mahakama ya Stuttgart, Ujerumani, iliamua kwamba sheria hiyo ya Italia haifanyi kazi nje ya Italia. Mvutano huu ni dalili kwamba haki iliyoandikwa hapana budi ilindwe kila siku.

SHERIA ZA BAADAYE

Somo la mwaka 2019 halikupotea. Umoja wa Ulaya ulipoandika Kanuni ya Huduma za Kidijitali, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari, 2024, watetezi wa elimu ya pamoja walikuwapo tangu mwanzo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuifahamu. Katika mitandao ya biashara, anayefuta maandishi mabaya ni mwajiriwa au mtambo wa kampuni. Katika Wikipedia, kazi hiyo hufanywa na wahariri wa kujitolea kwa kujadiliana hadharani. Kama sheria ingewatia wajibu wa kampuni watu hao, nani angebaki kufanya kazi ya bure? Katika Kanuni iliyopitishwa, usimamizi wa maandishi unaowekewa wajibu ni ule unaofanywa na mtoaji wa huduma mwenyewe.

Hata hivyo, kuwa na nia njema hakukuiondolea Wikipedia dhamana. Tarehe 25 Aprili, 2023 Kamisheni ya Ulaya iliitaja miongoni mwa mitandao mikubwa kabisa, yaani yenye watumiaji milioni 45 au zaidi kwa mwezi barani Ulaya, pamoja na kampuni zenye utajiri mkubwa. Nayo inatakiwa itathmini hatari zake na ikaguliwe. Hili ni la haki: mwenye kubeba amana ya watu wengi hana budi kutoa hesabu.

Kuhusu taarifa za Serikali, Agizo la mwaka 2019 juu ya takwimu huria linazitaka nchi wanachama kuzitoa taarifa za umma kwa matumizi ya wote. Makundi sita yamepewa daraja ya juu: ramani, mazingira, hali ya hewa, takwimu, kampuni na usafiri. Taarifa zilizoorodheshwa katika makundi hayo zitolewe, kwa kawaida bila ya malipo, na kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuzisoma. Sababu yake ni ya kawaida: mwananchi aliyekwisha kulipia kipimo cha mvua kwa kodi yake hapaswi kukilipia mara ya pili.

MAFUNZO KWA VISIWA HIVI

Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Inazo nyaraka zake Kilimani, zenye barua, hati na picha ambazo nyengine zina umri wa zaidi ya karne moja. Aidha, mwaka 2016 Visiwa hivi vilianza kupigwa picha kutoka angani kwa ndege zisizo na rubani ili kutengeneza ramani mpya, kazi iliyoshirikisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa, na picha hizo zikatolewa kwa matumizi huria. Kwa hivyo masuala yaliyojadiliwa Strasbourg yamekwisha kufika hapa, hata kama hayakuja na jina hilo.

Mafunzo yanayopatikana ni matatu.

La kwanza ni kuwapo mapema. Rasimu ya sheria inapopelekwa kwa wadau, mkutubi, mtunza nyaraka na mwalimu ni wadau sawa na mfanyabiashara na msanii. Wazee wamesema asiyekuwapo na lake halipo. Maktaba za hiari za Ulaya ziliingizwa katika wavu kwa sababu mwandishi wa rasimu hakuwaona watu wake mezani. Zilitolewa walipokuja na kusema.

La pili ni kusema kwa maneno ya sheria. Anayelalamika kwamba kifungu ni kibaya husikilizwa kwa adabu, kisha kifungu hupita. Anayeleta mstari ulioandikwa tayari, unaosema nani asiingizwe na kwa nini, humrahisishia kazi mtayarishaji, na mstari wake mara nyingi hubaki.

La tatu ni kutokufungia kilicho cha wote. Ofisi yenye hati kongwe ina dhamana ya kuilinda isiliwe na mchwa, na inaweza kutoza gharama ya kuinakili. Lakini kuilinda hati ni jambo moja, na kudai umiliki wa maneno yaliyomo, ilhali mtungaji wake amekufa miaka mia iliyopita, ni jambo jengine. Kadhalika, uhuru huo usiwe kisingizio cha kumnyima haki yake mtungaji aliye hai, mpiga taarab au mshairi, ambaye jasho lake halijakauka.

Waheshimiwa, Ndugu Wananchi, mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Elimu ya pamoja nayo inahitaji daftari lake, na daftari hilo ni sheria iliyoandikwa kwa uangalifu na watu waliokuwa tayari kukaa, kusoma vifungu na kuuliza: hiki kinamgusa nani? Watu wachache wa Ulaya, ambao hawakuwa na mali wala cheo, waliuliza suala hilo kwa miaka kadhaa, wakapata sehemu na wakakosa sehemu. Sehemu waliyoipata inawafaa hata wasomaji wa Visiwa hivi wasiowajua.

Khatima, kila mtumishi aliyekabidhiwa hati, ramani au takwimu ya umma anaombwa aitazame kwa jicho hilo: ni amana ya waliotangulia, na haki ya watakaokuja.